Anachotazama Yunusu

Bagamoyo ya Tukuyu haina bahari. Ina matope, ina maduka ya vitenge, ina ukungu unaoingia ndani bila hodi, na ina mlima. Waislamu wa pale ni wachache kiasi kwamba mmoja akikohoa wote wanajua ni nani, na katika maisha yao yote hawakuwahi kuhangaika na kibla. Ukisimama Bagamoyo, au Ibighi, au popote pale mjini, Mlima Rungwe uko mbele yako upande wa kaskazini, na Makka iko huko huko nyuma yake. Mtoto anayeanza kufundishwa swala haambiwi habari za kaskazini. Anashikwa mabega, anageuzwa, anaambiwa, "Tazama mlima." Siku za ukungu anaambiwa atazame mlima ulipo, na mtoto anajua ulipo kama anavyojua mlango wa kwao.

Yunusu, fundi cherehani, alifundishwa hivyo na babake, ambaye naye alifundishwa na babake aliyepanda kutoka pwani na marobota ya nguo akasahau kurudi. Yunusu alipomwoa Asia, binti wa Kinyakyusa kutoka Igogwe aliyekuwa ndiyo kwanza kasilimu, alimshika mabega naye akamgeuza. "Makka iko nyuma ya mlima," alimwambia. "Mlima ukiwa usoni kwako, huwezi kupotea." Na binti yao wa pekee, Biubwa, alikua akiamini hivyo hivyo kabla hajajua kusoma.

Biubwa alisoma sana, pengine kupita kiasi. Alifika chuo kikuu Dar es Salaam, akawa mwalimu pale, na sasa alikuwa anaandika tasnifu yake ya udaktari juu ya riwaya za Wamarekani. Ukimuuliza ni nini hasa, alikuambia taratibu, kama mtu aliyechoka kuulizwa, kwamba anachunguza jinsi mahali panavyogeuka kuwa wazo. Katika riwaya zile, alisema, mbuga si majani tu: ni uhuru, na pia ni kutupwa. Kinamasi ni dhambi ya mababu inayokataa kukauka. Jangwa ni Mungu aliyenyamaza. Watu wa riwaya hizo wanahama, wanakwenda magharibi, na kila wanapofika wanalipachika bonde jipya maana ya bonde walilozaliwa, na msiba wao unaanzia hapo. Mjomba wake Obed, kaka wa mama yake, alimsikiliza siku moja mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mshahara wanaongesa?"

Alirudi Igogwe kwa sababu ya mama. Wazee wake walikuwa wamehamia huko baada ya Yunusu kuanza kuugua mapafu. Hospitali ya misheni ilikuwa karibu, na ukoo wa Asia ulimpa binti yao kipande cha shamba la migomba. Yunusu alifia pale, katika masika mabaya yaliyoteremsha udongo barabarani. Biubwa alikwama njiani siku ile, akafika baba ameshazikwa. Ukoo wa Asia ulisema mkwe aliyefia katika ardhi yao azikwe katika ardhi yao, mvua nayo ikaunga mkono, na Sheikh Hasheem akaja na watu wachache kutoka mjini juu ya bodaboda, wamelowa mpaka mifupa, wakamzika Yunusu nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Miaka ilikuwa imepita tangu hapo. Sasa ilikuwa zamu ya Asia kuugua. Moyo ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga na giza tu.

Biubwa aliomba likizo, akaja na kompyuta yake. Na kwa kuwa mwandishi hata akiuguza haachi kuandika, alianza dibaji ya tasnifu yake palepale barazani. Aliamua kuianza kwao badala ya Marekani. Aliandika juu ya mlima ambao kwa watu wa mji mmoja mdogo haukuwa jiwe wala msitu, ulikuwa njia ya kumfikia Mungu. Alifurahi nayo sana. Alimsomea mama kipande chake kwa Kiswahili, na mama akalia.

Ulikuwa mwezi wa sita, kipindi ambacho Rungwe hupata asubuhi chache zisizo na ukungu. Asia alikuwa na desturi ya kubaki juu ya mswala baada ya alfajiri, anavuta tasbihi mpaka jua limkute. Asubuhi moja Biubwa alitoka na kikombe cha chai ya mama, akasimama mlangoni. Mlima ulikuwa wazi kabisa mbele yao, haujafichwa na kitu, na jua lilikuwa linachomoza kutoka nyuma ya bega lake. Mama alikuwa ameuelekea. Uso wake wote ulikuwa umejaa jua.

Biubwa aliutazama uso ule, akaona ni mzuri. Kisha akalitazama jua lenyewe.

Jua linachomoza mashariki. Hilo halihitaji udaktari. Kutoka mjini mlima uko kaskazini, lakini Igogwe iko ubavuni mwa mlima, upande wa machweo, na kutoka hapa mlima uko mashariki kabisa. Mama yake alikuwa ameswali miaka yote ile akiwa amekipa kibla bega la kushoto. Na baba? Biubwa aliweka kikombe chini, akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama penye kaburi. Lilikuwa limelazwa sambamba na mlima, kwa unyoofu na uangalifu, mtu aliyemo uso wake uelekee kule. Alijiona mjinga kuliko wajinga wote. Ameandika kurasa na kurasa juu ya Wamarekani waliohama na maana zao wakazipachika pasipo pake, na yeye mwenyewe amekuwa akija hapa kila likizo, anaswali juu ya mswala uliotandikwa na mama, hakuwahi hata kuinua macho.

Alimuuliza Mjomba Obed, kwa kuzungukazunguka, siku ya maziko ya baba ilikuwaje.

"Ukungu, mwipwa wangu," Obed alisema. "Huoni mkono wako. Sehe akasema, mlima uko wapi? Mama yako akatoka balasani akaonyesha kwa mkono. Pale. Na kweli uko pale. Sisi tukachimba."

Watu wote wale wa mjini waliokuja siku ile walikuwa wamekulia chini ya mlima uleule na somo lilelile. Hakuna aliyeuliza kaskazini ni wapi, kwa sababu kaskazini kwao ilikuwa na jina jingine. Muddy, mpwa wa sheikh, alikuwa na simu mfukoni ambayo ingemwonyesha kibla kwa unywele, lakini nani anatoa simu kutafuta mlima anaoujua tangu utotoni? Mazoea yana taabu.

Biubwa aliamua kunyamaza. Mama ni mgonjwa, alijiambia, na Mungu si wa kudanganywa na nyuzi za dira. Anajua Asia alikuwa anamtafuta. Lakini hakuweza kuiacha swala yenyewe iendelee hivyo, naye akafanya jambo la kiwerevu, na werevu mwingi mbele giza. Alfajiri ya pili, alipomtandikia mama mswala, aliugeuza kimyakimya, akamsimamisha mama juu yake. Mama akaswali. Akakaa na tasbihi. Jua likatoka.

"Biubwa."

"Abee, mama."

"Mbona leo jua linanipiga shavu?"

Asia alinyoosha mkono, akapapasa ukingo wa mswala, akafuata ukingo mpaka kona, kisha akageuza uso kuelekea joto.

"Nani ameugeusa?" aliuliza. Miaka ya mjini ilikuwa imemnyoosha ulimi, lakini akiudhika au akiogopa, Kinyakyusa kilirudi na kudai chake.

Basi Biubwa akamwambia. Alipiga magoti kwenye sakafu ya baraza, akaeleza kama anavyoeleza darasani: mji uko huku, mlima uko huku, Makka iko huku. Alichora kwa kidole kwenye kiganja cha mama yake ili apate kuhisi. Asia alisikiliza. Alikuwa mwanamke mwenye akili, akaelewa mara moja, na Biubwa alitamani asingeelewa.

"Basi Yunusu anatazama nini?" Asia aliuliza.

Katika tasnifu ya Biubwa kulikuwa na sura nzima juu ya mtu mbele ya nchi isiyomjibu. Hakupata hata neno moja la kumpa mama yake.

"Mimi ndiye nilionyesha," Asia alisema. "Mkono huu. Aliniambia mlima ukiwa usoni huwesi kupotea, na mimi nikampotesa."

"Hukujua, mama. Na sheikh atasema vivyo hivyo. Miaka imepita, amekwishakuwa udongo, hafukuliwi. Mungu anajua nia."

"Mungu najua anajua. Sikuuliza Mungu."

Kuanzia siku ile Asia aliswali kaskazini. Hakukosa hata swala moja. Aliomba aelekezwe vizuri, akaswali na machozi, akamwombea mumewe kwa jina. Lakini furaha ilimtoka, na hilo Biubwa aliliona kwa macho yake kama mtu anavyoona kisima kikikauka. Zamani baada ya swala alikuwa anakaa, anatabasamu, anapiga soga na mlima asiouona. Sasa akimaliza aliomba apelekwe ndani. Chakula kilianza kumshinda. Biubwa alijilaumu kwamba amesema. Halafu alijilaumu kwamba alitaka kunyamaza. Dibaji ya mlima ilikuwa ingali ndani ya kompyuta, nzuri vilevile, na hakuweza kuifungua.

Siku moja Asia alimwita.

"Siku yangu ikifika mnilase kama yeye."

"Mama, kibla..."

"Nimeswali mnakosema. Huko nimeelekea nikiwa hai na nitaendelea. Lakini kule chini mnilase kama yeye, nitazame anakotazama. Nimempotesa mimi. Siwesi kumwacha ametazama pabaya peke yake, mimi nikageukia kwingine kama simjui." Akatafuta mkono wa bintiye, akaushika. "Niahidi."

Biubwa akaahidi. Ungefanyaje?

Asia alifariki mwezi wa tatu, masika yamekolea. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba tangu usiku, mzito, unadondoka majanini kama mvua iliyochoka. Wanawake wa ukoo walikuja na mikungu ya ndizi na maziwa, wakalia kwa Kinyakyusa. Wanawake wachache wa mjini walimwosha na kumkafini. Biubwa, kwa desturi, alibaki barazani na wanawake. Nyuma ya nyumba alisikia majembe. Mjomba Obed na vijana walikuwa wanachimba kando ya Yunusu, upande wa mlimani, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mfereji.

Sheikh Hasheem alikuja mpaka barazani. Alikuwa mzee sasa, kanzu yake imepata matope hadi magotini, na pumzi zilikuwa zinamsumbua.

"Mwanangu, pole tena. Nilitaka tu kuwa na hakika," alisema. "Ukungu huu hauonyeshi kitu. Tunafuata kaburi la marehemu mzee wako, siyo? Mlima uko kule?"

Alinyoosha mkono wake. Alikuwa anaonyesha mlima sawasawa.

Biubwa aliutazama ule mkono. Angeweza kusema sentensi moja, na kila kitu kingerudi mahali pake, isipokuwa ahadi. Alihisi vidole vya mama yake kwenye kiganja chake.

"Ndiyo, sheikh," alisema. "Mlima uko kule."

"Alhamdulillahi," Sheikh Hasheem akasema, akaenda.

Hakusema uongo. Alijirudia hivyo mara nyingi wakati wanaume wanapita na jeneza, wakati kisomo kinapanda na kushuka nyuma ya nyumba, wakati udongo unapigwa kwa koleo. Ameulizwa mlima, amejibu mlima. Na kila alipojirudia, maneno yalizidi kupungua uzito, mpaka yakabaki kelele tu. Alikuwa amemdanganya mzee kwa kutumia ukweli, na yeye alijua, na mzee hakujua.

La kuvunda halina ubani. Maziko yalipokwisha na watu wakanywa uji, ukungu ukaanza kuinuka. Huinuka hivyo Rungwe, ghafla, kama mtu aliyekumbuka ana safari. Migomba ikapata rangi, paa la bati likang'aa, na mlima ukatokea mzima, umelowa, mweusi. Sheikh Hasheem alitoka nje kutazama kama alasiri imeingia. Yeye ni wa kale. Saa anayo mkononi, lakini jua likiwapo hupenda kuangalia kivuli chake kwanza. Vijana walikuwa wameshatandika mikeka mbele ya nyumba, imeelekea mlimani. Akasimama mbele yao, akainama kidogo kutazama kivuli.

Kivuli chake kilikuwa mbele yake. Kirefu, chembamba, kimelala juu ya mkeka, kimenyooka kwenda mlimani.

Biubwa alimwona kutoka barazani. Alimwona akikitazama kivuli kama mtu anayetazama nyoka. Akageuka nyuma, akalitazama jua lililokuwa linashuka nyuma ya mgongo wake, mahali ambapo alasiri, kwa mtu anayeelekea kibla nchi hii, jua halipaswi kuwapo kamwe. Alimwonyesha mpwa wake Muddy kwa mkono ageuze mikeka, na watu wakasimama wanatazamana, wakaswali kaskazini, mlima ukiwa kulia kwao kama mgeni ambaye hakukaribishwa.

Baada ya salamu alikuja barazani. Alikaa chini, kitu ambacho Biubwa hakuwahi kumwona akikifanya mbele ya wanawake.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Na mama yako?"

"Alijua, sheikh. Ndivyo alivyotaka. Alitaka kulala kama baba." Biubwa alianza kulia. "Alisema hawezi kumwacha peke yake."

Sheikh Hasheem aliinamisha kichwa.

"Yunusu nilimlaza mimi kwa mikono yangu," alisema. "Alikuwa rafiki yangu. Tulijifunza kuswali pamoja, tukageuzwa mabega na mtu mmoja. Yule nilimkosea bila kujua, na imepita, nitamjibu Mungu. Lakini huyu wa leo udongo wake bado mbichi, na sheria yetu inasema ageuzwe. Mwanangu, wewe ndiye mtoto wake. Sema mwenyewe. Ila usinifanye nikosee mara ya pili huku naona."

Mjomba Obed alikuwa amesimama pembeni, akasikia. Alirudi nyuma hatua moja. "Kufukua kabuli?" alisema. "Kabuli la dada yangu? Sehe, kwetu hilo halifanywi. Mwipwa, kataa."

Kila mtu alimtazama Biubwa. Alifikiria mama yake aliyeswali kaskazini akilia, na ahadi, na mkono ule juu ya mkono wake. Alifikiria pia kwamba kama angesema kweli asubuhi, angevunja ahadi mara moja tu, kwa neno, na mama angelala. Kwa ujanja wake amemzika mama yake vibaya, na sasa itabidi afukuliwe hadharani. Maumivu hayo yalikuwa yake peke yake na hakukuwa na wa kumgawia.

"Mgeuzeni," alisema.

Walifunga mashuka kuzunguka kaburi wasiohusika wasione. Obed alikataa kushika jembe, akaenda kukaa ng'ambo ya mfereji, ameupa uwanja mgongo, na hakuwahi kuzungumza na Biubwa tena vizuri tangu siku hiyo. Ilibidi kaburi lipanuliwe kwa upande, lichimbiwe mwanandani mpya wa kulazia mwili kwa kukingama, na mama akainuliwa na sanda yake yenye matope akalazwa upya. Kazi ilichukua mpaka jua linagusa migomba. Biubwa alisikia yote. Watu walipoondoka hawakuaga kwa sauti.

Alipobaki peke yake alizunguka nyuma ya nyumba. Makaburi mawili yalikuwa pale, moja la zamani limelala sambamba na mlima, jingine jipya limelikingama, yameachana kama watu walionuniana. Kila atakayepita hapa ataona na atauliza. Biubwa alisimama, akatamani kuwa mjinga wa vitabu, mtu anayeona udongo kuwa udongo.

Ndipo alipoona walivyolala. Baba alikuwa ameelekea mlimani. Na mama, kwa sababu ya mfereji na si kwa sababu nyingine yoyote, alichimbiwa upande wa mlimani. Alikuwa kati ya Yunusu na mlima, ameelekea Makka, karibu kabisa na uso wa mumewe.

Alikumbuka swali aliloshindwa kulijibu barazani. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote wilayani kwamba mahali hapana maana ila ile anayoipachika mtu, na kwamba watu wameangamia kwa kuipachika. Alipiga magoti katika udongo uliovurugwa, akaweka kiganja juu ya kaburi jipya.

"Mama," alisema, "anakutazama wewe."

Ukungu ulikuwa unashuka tena. Alikaa pale mpaka mlima ukapotea, kisha akaingia ndani kufunga madirisha.